Juba inajenga hoteli, isiisahau milaya

Anayetaka kuifahamu Juba asianzie kwenye hoteli za kando ya Mto Nile. Aangalie kitanda, meza na sinia. Katika nyumba nyingi za mji huo atakuta milaya, shuka la pamba lililodariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi na kutiwa ukingo wa kufumwa kwa mkono. Mgeni akija, ndiyo inayotandikwa. Chakula kikiiva, kitambaa kilichodariziwa vivyo hivyo hufunika sinia.

Milaya ni kazi ya wanawake, na ni lugha ya uchumba. Wakati wazee wanahesabu ng'ombe wa mahari, binti huwa ameshadarizi mashuka atakayokwenda nayo kwa mumewe. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hatashangaa, kwani kanga nayo husema yale ambayo mdomo unasita kuyatamka. Wala hatashangaa wa Mwanza, aliyekulia sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi.

Lakini mji wenyewe umebadilika. Mkataba wa amani wa 2005 uliifanya Juba makao makuu ya serikali ya Kusini, na uhuru wa Julai 9, 2011 ukaifanya mji mkuu wa taifa. Mashirika ya kigeni yakaja, kodi za nyumba zikatajwa kwa dola, na mwaka 2009 makazi mengi yakabomolewa. Wenye kipato kidogo wakasukumwa pembezoni. Leo vijana wenye uwezo huchumbiana mgahawani kando ya mto, kwenye meza ambazo mara nyingi hazina hata uzi mmoja wa mama wa Juba.

Wapo wanaosema milaya imepitwa na wakati, kwa kuwa shuka la kiwandani ni rahisi. Kuhusu bei wana haki. Mwanamke anayedarizi shuka moja kwa wiki kadhaa hawezi kushindana na mashine. Ndiyo maana hapaswi kuachwa ashindane nayo. Anachouza ni sanaa, na sanaa huhitaji mnunuzi anayejua thamani yake.

Hapa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilitia saini mkataba wake Aprili 2016, ina kazi ya kufanya. Utaratibu rahisi wa biashara za mpakani unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bila ushuru bidhaa za kanda zilizo kwenye orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000. Milaya iingizwe kwenye orodha hiyo, na kazi ya mkono ihesabiwe hata kama pamba na nyuzi zimetoka nje. Juba nayo iharakishe kutekeleza umoja wa forodha, la sivyo orodha itabaki karatasi. Watakaonufaika wako pande zote mbili za Nimule, wakiwamo wakimbizi wa Sudan Kusini wanaoendelea kudarizi katika kambi za kaskazini mwa Uganda.

Wenye hoteli wa Juba hawana haja ya kungoja mawaziri. Vitanda wanavyo, meza wanazo, na mafundi wanaishi mtaa wa pili. Waagize kazi na walipe bei ya haki.