Staa, mwache mama wa Mitwero: kubanika samaki si kubahatisha

Mjini kuna mambo, na safari hii mambo yamehamia Lindi. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, alishuka Mitwero wikiendi moja na jiko lake la moshi la kutoka nje, lile la duara lenye mfuniko mzito. Akaliweka mchangani, akawasha mkaa, akafunga kifaa chake cha kuongoza moto, kisha akakaa kitini anakunywa dafu huku simu ikimwambia joto limefika ngapi. Poa tu. Mtu na hela zake.

Tatizo likaja kwenye klipu. Kamera ikageuzwa kwa mama mmoja aliyekuwa anabanika vibua pembeni, kwenye pipa lililokatwa na chanja ya nondo. Mama huyo huyo dakika chache nyuma alimwitikia staa marhaba na kumpa mchanga wa kivulini. Staa akasema: "Huku bado wanabahatisha jamani. Joto lenyewe hawalijui, nyie mnakula tu." Chini watu wakajaza emoji za kucheka.

Haya, nani anabahatisha? Kile kifaa kazi yake ni moja. Kuna sindano ya kipimajoto inayokaa karibu na chanja, na feni ndogo inayokaa kwenye tundu la chini la jiko. Mwenye jiko anaweka, tuseme, nyuzi 110. Joto likiwa chini, feni inapuliza, mkaa unapata hewa, moto unapanda. Likifika, feni inatulia. Mkaa ni hewa tu: ikizidi unakolea, ikipungua unafifia. Sasa yule mama aliyeitwa mbahatishaji alikuwa na kipande cha bati mdomoni mwa pipa. Anakisogeza, anakirudisha. Makumbi ya nazi yakitoa ndimi za moto anayanyunyizia maji. Mkono anauweka juu ya chanja, anahesabu kimoyomoyo, anautoa. Kazi ni ile ile, ila yeye hana betri.

Na kifaa chenyewe kina ujinga wake, ambao kwenye klipu umekatwa. Staa alifunua mfuniko mara tatu ili apate picha kali. Kila ukifunuliwa, sindano inasoma baridi na feni inapuliza kwa nguvu zote. Mfuniko ukirudi, mkaa mwingi umeshashika, joto linapita pale lilipotakiwa na halishuki upesi, maana feni inajua kupuliza, kuzima haijui. Jiko likiwa na upenyo wa kuvuja hewa ndiyo balaa zaidi. Waliokuwepo wanasema nguru wa staa alitoka mweusi kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Hilo halikupostiwa.

Ila na wale wanaomrarua staa eti mashine ni uvivu, "tuache ladha ya asili", wapunguze kidogo. Wengi wanaandika hayo wakiwa Sinza chini ya kiyoyozi. Macho mekundu si asili. Kikohozi cha kila usiku si asili. Anayetaka mama aendelee kukaa kwenye moshi ule kwa sababu samaki mtamu, apande basi aje akae yeye, hata asubuhi moja tu.

Hoja ya usalama ipo kweli, na kama staa angeisema kwa adabu angesikilizwa. Mwongozo wa Marekani kwa samaki wa moshi wa moto unataka ndani ya nyama pafike nyuzi 63 na pakae hivyo nusu saa. Kujua hilo kunahitaji kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, basi. Feni ya nini? Tena vibua na jodari wakicheleweshwa juani kabla ya moto hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa moto wowote, hata wa jiko la mamilioni. Hapo kinachotakiwa ni barafu, mapema, tangu mtumbwini. Kuna na mafuta ya samaki yanayodondokea kwenye makaa na kutoa moshi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani. Senegal, kituo cha Thiaroye na FAO walishabuni jiko liitwalo FTT: lina sinia la kukinga mafuta hayo, na moshi unatengenezwa pembeni. Jiko la namna hiyo ndilo la kuja nalo Mitwero. (Gesi ya Songosongo, hapo Kilwa, inakwenda Dar tangu 2004, huku mama bado anaokota makumbi. Hayo nayo yapo.)

Kinachouma zaidi ni bei. Tangu klipu isambae, wachuuzi wanaofuata samaki pale wamepata wimbo mpya: "Mama, hata staa kasema hawa si salama, punguza." Na mama anapunguza, kwa sababu jua linazama na samaki hawezi kurudi baharini. Staa kapata watazamaji wake, hasara kaiacha kwenye ndoo ya mwenzake. Anachotakiwa kufanya si kigumu: arudi pale pale, achukue lile bati, abanike ndoo moja ya vibua mbele ya kamera bila simu, halafu aseme tena neno "kubahatisha".

Klipu hadi leo ipo. Sehemu ya maoni ndiyo imefungwa.