Stelingi ni Flynn, fundi ni Rathbone

Makala yenu ya mapambano ya upanga kwenye sinema ni nzuri, lakini Basil Rathbone kutajwa mara moja tu, tena kama "adui", hapo nakataa. Kwenye The Adventures of Robin Hood (1938) kila mtu anamkumbuka Errol Flynn na vile vivuli vikubwa vinavyopigana kwenye nguzo. Sawa. Hebu safari hii mtazame Rathbone miguu wanaposhuka zile ngazi za mviringo: habahatishi hata hatua moja. Upanga aliusomea, Flynn alibebwa na sura na ujasiri. Ila stelingi hafi, basi fundi ndiye anayechomwa. Hata Romeo and Juliet ya 1936, anakomuua Mercutio, hafiki nayo mwisho.

Kwangu pambano bora ni la The Mark of Zorro (1940), yeye na Tyrone Power. Chumba kimoja, hakuna kuning'inia kwenye taa. Rathbone anaufyeka mshumaa, kichwa kinaruka. Power naye anapitisha upanga kwenye mwingine. Mshumaa umesimama vilevile, unawaka. Rathbone anacheka. Kumbe umeshakatika: Power ananyanyua kipande cha juu, na moto haujazimika! Dharau ya namna hiyo haihitaji maneno.

Scaramouche (1952) inastahili sifa mlizoipa, zaidi ya dakika sita ndani ya ukumbi wa maigizo, ingawa mle wanazunguka mno. Afadhali hiyo lakini kuliko sinema za siku hizi, picha inakatwakatwa mpaka hujui nani kamchoma nani.