Magoti ya Waa na Tembe za Asubuhi

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya magoti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 hivi waliishi na ugonjwa wa kusagika viungo, wengi wao wanawake, na goti ndilo linaloongoza kwa kuathirika. Hapa Waa, Kwale, ugonjwa huu una sura yake.

Bibi anayekuna nazi hukaa chini juu ya mbuzi, magoti kayakunja. Akimaliza, anatafuta pa kushika ndipo ainuke. Chooni anachuchumaa. Adhuhuri anasujudu. Akimeza tembe ya diklofenaki ya kutuliza maumivu asubuhi, yote hayo anayamudu, na kwa hilo hatumlaumu hata kidogo. Dawa inayomrudishia mtu kazi na ibada yake ina thamani kubwa.

Lakini gegedu iliyolika hairudishwi na tembe, na bibi huyo huenda ana presha pia. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, hudhoofisha baadhi ya dawa za kuishusha na kuzielemea figo. Tumboni huleta vidonda vinavyoweza kuvuja damu bila dalili ya mapema. Muuza dawa haioni kadi ya kliniki ya bibi huyo. Kliniki nayo inapima presha bila kuuliza habari za goti.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba mgonjwa aulizwe mambo mawili, iwe ni katika hospitali ya Msambweni, ya Kwale au zahanati ya kijijini: unameza dawa gani nyingine, na ni kazi gani imekushinda? Mwongozo wa Uingereza wa 2022 kuhusu ugonjwa huu wa viungo unatanguliza mazoezi, na kwa goti dawa ya kupaka kabla ya tembe. Tembe zikilazimu, ziwe za kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Mazoezi yenyewe yanaanzia kitini: nyoosha mguu, ushikilie kidogo, ushushe polepole, hadi paja lipate nguvu ya kulibeba goti.

Halafu kuna swala. Asiyeweza kusujudu anaruhusiwa kuswali amekaa, ila wapo wanaoona haya, wakameza tembe ili wapige magoti. Hapo neno la imamu litafaa kuliko la daktari.

Nanyi wauza dawa, kuanzia Likoni hadi Ukunda, tunawaomba: kabla ya kuhesabu tembe, mwulizeni mteja kama ana presha, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, na mumwonyeshe kwanza ile ya kupaka.