Mgeni wa Basra na Mafuta ya Norwei

Asubuhi moja ya Mei 1968, mwanajiolojia wa Kiiraki alishuka kwenye treni jijini Oslo. Treni ya kumpeleka kwa wakwe zake ilikuwa iondoke jioni. Farouk al-Kasim, mzaliwa wa Basra, alikuwa ameacha kazi ya heshima katika Kampuni ya Petroli ya Iraki. Yeye na mkewe, Mnorwei, walikuwa wamehama kwa ajili ya mtoto wao aliyekuwa na mtindio wa ubongo, aliyehitaji matibabu yaliyopatikana huko. Badala ya kukaa kituoni kutwa nzima, alikwenda Wizara ya Viwanda kuulizia kampuni za mafuta ambazo zingeweza kumpa kazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wizara ile ilikuwa na maofisa wachache mno wa mafuta, na mezani kwao kulikuwa na taarifa za visima vya Bahari ya Kaskazini zilizosubiri mtu wa kuzisoma. Wanorwei wengi hawakuwa na matumaini: mwaka 1958 taasisi yao ya jiolojia ilikuwa imeiandikia serikali kwamba mafuta hayatarajiwi katika pwani yao. Al-Kasim alipewa kazi ya kuzichambua taarifa hizo, naye akaona dalili kwamba mafuta yapo. Mwisho wa 1969 kampuni ya Phillips ikagundua Ekofisk, mojawapo ya hazina kubwa za mafuta baharini.

Mchango wake mkubwa zaidi ulikuja baada ya ugunduzi huo, pale lilipozuka swali la nani ashike nini. Al-Kasim alikuwa ameishi katika nchi ambako kampuni za kigeni zilimiliki visima na takwimu zake, na ambako serikali ilianza kujibu kwa nguvu, ikizinyang'anya mwaka 1961 karibu eneo lote ambalo hazikuwa zikizalisha. Alishiriki kuandaa mapendekezo yaliyoiwezesha Norwei kupita njia ya kati: kampuni za kigeni zibaki na utaalamu wao, lakini dola iwe na macho yake yenyewe. Mwaka 1972 bunge likaunda vyombo viwili kwa mpigo. Statoil, kampuni ya umma, ilipewa biashara. Kurugenzi ya Petroli, yenye makao Stavanger, ilipewa kazi ya kukagua na kutunza takwimu. Sera ikabaki wizarani.

Ekofisk inaonyesha mgawanyo huo ulivyofanya kazi. Kwa mbinu za awali, ilikadiriwa kwamba ni asilimia 17 tu ya mafuta yake yangetolewa. Mengine yangebaki mwambani milele. Kurugenzi, ambako al-Kasim aliongoza usimamizi wa rasilimali, ilisukuma maji yadungwe ardhini ili kuyasukuma mafuta yatoke. Kampuni ilisita kwa sababu ya gharama, lakini kazi hiyo ilianza kwa kiwango kikubwa mwaka 1987, na makadirio ya mafuta yatakayopatikana yakapanda maradufu na zaidi. Mkaguzi asiye na takwimu zake mwenyewe asingeweza kushinda hoja ile.

Hata kampuni ya umma haikuachwa ijitanue itakavyo. Mwaka 1985, Statoil ilipoanza kuonekana kama dola ndani ya dola, sehemu kubwa ya mapato yake ilielekezwa moja kwa moja serikalini. Mfuko wa akiba ya mapato ya mafuta ulianzishwa kwa sheria mwaka 1990 ukapokea fedha za kwanza mwaka 1996. Leo thamani yake imezidi dola trilioni moja, katika nchi ya watu wapatao milioni 5.5.

Wapo wanaosema mfano huu hauwezi kuigwa, na hoja yao ina uzito. Norwei ilipata mafuta ikiwa tayari na katiba ya tangu 1814, mahakama imara na watumishi wa umma waliolipwa vizuri. Ilikuwa na umeme tele wa maporomoko ya maji, hivyo haikusukumwa na giza wala njaa. Tanzania inakisiwa kuwa na gesi ya futi za ujazo trilioni 57, lakini ina mahitaji yasiyosubiri. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, ghasia zilizofuata ziligharimu maisha. Walichouliza kilikuwa rahisi: sisi tunaoishi juu ya gesi hii tutapata nini?

Hata hivyo, Tanzania haianzi na ukurasa mtupu. Sheria ya Petroli ya 2015 iligawa majukumu kwa namna inayofanana sana na ile ya Norwei: sera kwa wizara, biashara kwa TPDC, shirika la mafuta la taifa, na usimamizi wa utafutaji na uchimbaji kwa mamlaka mpya, PURA. Na Statoil ile ile, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, iko upande wa pili wa meza. Mwaka 2022 Equinor na Shell zilitia saini makubaliano ya awali na serikali kuhusu mradi wa kusindika gesi Lindi.

Kwa hiyo mizani ya kuupima mradi huu ipo. Je, PURA ina wataalamu na takwimu za kuweza kuikatalia kampuni, na hata TPDC, pale maslahi ya taifa yanapodai hivyo? Je, mkataba utasomwa na wananchi? Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2015, inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Wabunge wa Lindi na Mtwara waanzie hapo: waudai mkataba huo hadharani, pamoja na taarifa za kitaalamu za PURA, kabla uwekezaji haujaanza.