Football Manager imerudi, Bongo ipo wapi?

NOVEMBA 4, 2025 ilikuwa siku ya kusubiriwa. Siku hiyo Football Manager 26 iliingia sokoni, na vijana waliozoea kukesha na kompyuta wakizifundisha Arsenal, Barcelona na hata timu za daraja la tano England, wakapata mzigo mpya.

Kiu ilikuwa kubwa na sababu ipo. Toleo la 25 lilitakiwa kutoka Novemba 2024, likasogezwa hadi Machi 2025, halafu Februari 6 watengenezaji wake, Sports Interactive ya London, wakatangaza kulifuta kabisa. Walisema halijafikia kiwango. Waliolipia mapema wakarudishiwa pesa zao. Tangu jina la Football Manager lianze kutumika mwaka 2004, haikuwahi kutokea mwaka ukapita bila toleo jipya. Watu walibaki na FM24 hadi vitoto walivyovisajili vikiwa na miaka 16 vikastaafu.

Kwa asiyelijua, hili sio gemu la kupiga chenga kwa vidole. Anayecheza hagusi mpira. Yeye ni kocha. Anasajili, anapanga kikosi, anabembeleza straika aliyenuna, anabanana na bodi kuhusu bajeti, na mambo yakienda kombo anapoteza kibarua kama kocha yeyote wa Simba au Yanga.

Safari hii kuna vitu vipya. Gemu limehamishiwa kwenye mtambo mpya wa Unity, hivyo mwonekano wa mechi ni tofauti na ule uliozoeleka. Ligi Kuu England imeingia na leseni kamili, jezi na nembo halisi. Soka la wanawake limeingia kwa mara ya kwanza, ahadi ambayo ilitolewa tangu mwaka 2021.

Lakini tamu zaidi kwa wapenda mbinu ni mfumo wa kupanga timu mara mbili, wakati ina mpira na wakati haina. Hapo gemu limeufuata mpira wa kweli. Beki wa kushoto anayeingia katikati timu ikishambulia, halafu anarudi pembeni ikipoteza mpira, ni kitu ambacho mashabiki wanakiona kila wikiendi. Sasa mtu anaweza kukipanga mwenyewe, na akifungwa kwa sababu ya kukipanga vibaya, hana wa kumlaumu.

Yote hayo ni mazuri. Tatizo linaanza pale shabiki wa Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi anapotafuta ligi yake kwenye orodha. Kwa miaka mingi, Afrika kwenye gemu hili imewakilishwa na ligi ya Afrika Kusini. Anayetaka kuipa Yanga au Gor Mahia ubingwa wa Afrika hutegemea mafaili yanayotengenezwa na mashabiki wenzake kwa kujitolea.

Kuna watakaosema hilo ni jambo la watoto, gemu tu. Hapana. Mwaka 2008, Everton ikiwa chini ya David Moyes iliingia makubaliano na watengenezaji wa gemu hili ili itumie hazina yao ya taarifa za wachezaji kwenye usajili. Klabu ya Ligi Kuu England iliona thamani kwenye kazi ya watu waliotapakaa duniani, ambao kila mmoja anaiangalia ligi ya kwao na kuandika nani anajua kupiga krosi, nani ana kasi, nani mkataba wake unaisha lini.

Watu hao pia hukosea. Mashabiki wa zamani wanamkumbuka Maxim Tsigalko wa Belarus, ambaye kwenye toleo la msimu wa 2001/02, enzi za Championship Manager, alikuwa anafunga kama mashine. Uwanjani hakuwahi kuwa nyota wa dunia, na majeraha yalimstaafisha mapema. Lakini dunia ilimjua, kwa sababu Belarus ilikuwa na mtu wa kuandika jina lake. Straika wa Kagera Sugar anayefunga kweli nani anamwandika?

Kiwango cha soka hakiwezi kuwa kisingizio. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Simba ikafika fainali hiyohiyo Mei 2025. Taifa Stars ilicheza robo fainali ya CHAN Agosti 2025, kwenye michuano iliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, na mataifa hayo matatu yanaandaa AFCON 2027. Mpira upo.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Shabiki ajaribu leo kutafuta beki wa kushoto wa timu ya katikati ya msimamo alicheza dakika ngapi msimu uliopita, anatumia mguu gani, mkataba wake unaisha lini. Ataishia kuuliza vijiweni. Hata umri nao ni shida. Serengeti Boys walifuzu fainali za vijana za Afrika mwaka 2005, wakaenguliwa kwa kosa la umri wa mchezaji. Kizazi kizima cha vijana kilibaki nyumbani kwa sababu ya tarehe moja kwenye karatasi.

Mbwana Samatta alilazimika kwanza kwenda TP Mazembe, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hilo mwaka 2015, ndipo Genk wakamchukua. Clara Luvanga ametamba Al Nassr ya Saudi Arabia. Hao walitoboa. Swali ni wangapi wana uwezo kama wao, lakini nje ya mkoa wao hakuna anayejua kama wapo.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Mechi za Ligi Kuu Bara zinaonyeshwa mubashara. Bodi ya Ligi na TFF waanze kutoa hadharani, kila baada ya raundi, dakika za kila mchezaji, nafasi aliyocheza, mabao, pasi za mabao na kadi. Klabu nazo zitangaze muda wa mikataba, sio picha ya mchezaji ameshika kalamu basi. Ligi ya wanawake ianze sambamba, isisubiri kukumbukwa baadaye.

Wa kuifanya kazi hiyo wapo. Ni hawahawa vijana waliosubiri Novemba 4. Will Still alikua akicheza Football Manager, akaanzia kwenye kuchambua video, na akiwa na miaka 30 akaifundisha Reims ya Ufaransa. Hakuwa na leseni ya juu, na klabu ikakubali kulipa faini ya euro 25,000 kila mechi ili abaki. Klabu za hapa zina mashabiki wa aina hiyo mlangoni, zinachowauzia ni jezi tu.

Kuwaomba Waingereza waiweke ligi ya Bongo kwenye gemu lao ni kuanzia mwisho. Kwanza Bongo yenyewe iwe na taarifa za wachezaji wake. Zikiwepo, atakayezitumia wa kwanza huenda akawa skauti mwenye tiketi ya ndege, kabla hata ya mtengeneza gemu.