SEHEMU YA 4: Ule waya juu ya bati, mama, sio kamba ya nguo

Nesi wenu nimerudi.

Sehemu ya 3 tuliishia kwenye simu. Ukiona dalili ya hatari kwa mjamzito au kichanga, piga 115, namba ya m-mama, haina gharama. Hilo halibadiliki. Simu kwanza.

Ila wengi mmeniuliza kwenye inboksi: "Sista, na mnara ukizima?" Leo najibu hilo, na nitasema maoni yangu wazi hata kama mafundi redio watanuna.

Usiku mmoja wa masika, huku upande wa Handeni, mama wa uzao wa tatu alianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Umeme ulikatika tangu asubuhi, mnara wa simu nao ukafa. Damu ya namna ile haisubiri kukuche, inaweza kumaliza mtu ndani ya saa chache. Dawa tumeshampa, tunamkanda mfuko wa uzazi, lakini alihitaji kuongezewa damu, na damu iko hospitali.

Jirani yetu ni mpenda redio ya ridhaa. Ana leseni ya TCRA, na redio yake, wazee wangeiita simu ya upepo, inakula betri ya gari. Tukamkimbilia. Akamwita rafiki yake wa Korogwe, kilomita 65 tu kwa barabara. Kimya. Akaita tena. Akajibiwa na mtu wa Ulaya! Mzungu wa watu anatusikia vizuri kabisa, anauliza asaidie nini, na Korogwe hapa pua na mdomo hakuna anayetusikia.

Mama yule tulimpakia kwenye gari la mkaa, tukafika hospitali bila mtu kujua kama tunakuja. Alipona, namshukuru Mungu. Ila zile dakika za kuanza kutafuta damu wakati mgonjwa yuko mlangoni, mpaka leo sijazisahau.

Baadaye nikamkalisha jirani chini anieleze. Kumbe redio haikuwa na shida. Shida ilikuwa waya.

Iko hivi. Mawimbi mafupi yanapanda angani, yanakuta tabaka la juu, yanarudi chini. Mchana, megahazi 7 zinarudi hata wilaya ya jirani. Usiku lile tabaka linapungua nguvu, megahazi 7 zinapita juu ya vichwa vyetu na kwenda kutua mbali. Usiku, kwa watu wa karibu, unataka megahazi 3 na ushee. Waya wa jirani ulikuwa wa mita 20, wa kulishwa kwenye ncha moja. Unakubali 7, 14, 21 na 28. Bendi nne! Ila ile ya usiku wa kwetu haimo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: msichague antena kwa kuhesabu bendi. Jiulizeni kwanza, usiku wa shida nani LAZIMA anisikie? Sisi sio Ulaya. Ni Handeni, Korogwe, Muheza, Tanga mjini.

Sasa tulinganishe nyaya tatu.

1. Waya wa kulishwa kwenye ncha. Ni rahisi kuufunga, ncha moja dirishani, nyingine mtini. Ukitaka na bendi ya usiku, uwe wa mita 40 hivi. Lakini redio inaporusha, kwenye ncha za waya ndiko volti zinakuwa kubwa, zinaunguza vidole. Na ncha moja ndiyo hiyo umeileta dirishani, anapochezea mwanao. Mimi kama nesi, hapana.

2. Waya wa Varney, unaitwa G5RV. Aliubuni Mwingereza Louis Varney mwaka 1946, una mita 31. Unafika bendi nyingi, ila unataka kifaa cha kulinganisha, ukizungusha vitufe kila unapobadilisha bendi. Fundi ataupenda. Saa nane ya usiku, kwa tochi, mikono inatetemeka? Nani azungushe?

3. Dipoli ya matawi. Kebo moja inaingia katikati, kila upande nyaya mbili. Chukua 143, gawa kwa megahazi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 3.76 ni mita 19 kila upande. Kwa 7.11 ni mita 10 kila upande. Masafa hayo mawili wapenda redio wa Afrika na Ulaya wameyatenga kwa dharura. Hakuna cha kuzungusha, unabadilisha bendi kwenye redio, unaongea.

Ninachagua hii ya tatu. Ubaya wake nausema pia: nyaya zinasumbuana, kuzikata zikae sawa kunaweza kumaliza siku nzima (anza na mrefu kidogo, punguza polepole), na uwanja wa mita 38 sio kila mtu anao. Ongea na jirani yako vizuri.

Na usiipandishe juu sana. Mita 5 au 6 zinatosha. Ikiwa chini hivyo, inarusha mawimbi kwenda juu, yanarudi kutunyeshea hapahapa. Nguzo za mianzi au za mkonge zinafaa, Korogwe zipo. Kamba iwe ya nailoni. Katani yetu naipenda, lakini mvua inaiozesha.

Kwa ajili ya watoto, tafadhali:
– Usianike nguo kwenye ule waya. Hata nepi moja.
– Ncha zake zikae zaidi ya mita 3 kutoka chini.
– Usiupitishe karibu na nyaya za TANESCO, hata kwa bahati mbaya ukikatika.
– Wingu la radi likija, chomoa kebo mapema. Radi ikishaanza, usiguse. Redio sio ya kutumia radi ikipiga.

Na leseni ni lazima. Bendi za ridhaa sio za shughuli za kila siku za zahanati. Ni pale uhai wa mtu uko hatarini na njia nyingine zimekufa.

Sikuambii kila nyumba inunue redio. Nakuambia, kama mtaani kwenu yupo mpenda redio, usimsifie kwa kuongea na Ujerumani. Muulize swali moja tu: "Usiku, Korogwe wanakusikia?" Akijikuna kichwa, msaidieni kamba na nguzo.

Jirani yetu alishusha wake. Siku hizi kila Jumamosi saa tatu usiku anaita Korogwe, na mimi nikiwa zamu natega sikio dirishani. Anajibiwa.

Mtumie mama mwenzio aliye mjamzito. Sehemu ya 5 tutaongelea begi la kujifungulia.