Kiharusi: Tuchangie Kipimo Kabla ya Machela



Katika vijiji vyetu vya Uluguru, kuanzia Matombo na Kinole hadi Mgeta, watu wanajua kuchanga. Mgonjwa akizidiwa, majirani hukata miti na kufunga machela, vijana wakapokezana mabega hadi barabarani. Jioni hiyohiyo daftari la michango huzunguka ili lipatikane gari la kumfikisha mjini. Akifariki, daftari huzunguka tena. Huo ndio utu wetu, nao usipotee. Lakini mwezi huu tunapenda kuuliza: kwa nini daftari hilo lingoje mpaka mtu aanguke?

Ugonjwa unaotufanya tuulize hivyo ni kiharusi.

Si ugonjwa wa matajiri peke yao

Wengi husema kiharusi ni cha watu wa mjini, wanaokula vinono na kupanda magari. Hesabu zilizopo hazikubaliani na maneno hayo. Kati ya mwaka 1992 na 1995, mradi wa Wizara ya Afya wa kuchunguza vifo vya watu wazima ulifuatilia watu zaidi ya 300,000 katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Wilaya ya Hai, na hapa kwetu Morogoro Vijijini. Wadadisi walikwenda kwa wafiwa na kuwauliza jinsi marehemu alivyougua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Morogoro Vijijini, ambayo ndiyo ilikuwa maskini kuliko nyingine, katika kila wanaume 100,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua 35 kwa mwaka. Kwa wanawake idadi ilikuwa 27. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi: wanaume 65 na wanawake 88. Uingereza na Wales, mwaka 1993, walikufa wanaume wasiozidi 11 na wanawake wasiozidi 9. Yaani mkulima wetu, anayepanda na kushuka mlima na jembe begani, alikufa kwa kiharusi mara tatu zaidi ya Mwingereza wa umri wake. Na hao ni watu wa umri wa kulima, kusomesha watoto na kutunza wazee.

Waliopona nao hawakuhesabiwa humo. Baba aliyepooza upande mmoja anahitaji kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani. Kazi hiyo humwangukia mama au binti, na shamba la ngazi pale mlimani hubaki bila mtu.

Presha haipigi hodi

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo hukosa damu na kufa, na kiungo kilichotegemea sehemu hiyo hulegea. Sababu kubwa kuliko zote ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Ikipimwa siku mbalimbali ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha na anastahili kuonwa na mganga.

Ubaya wa presha ni kwamba kwa kawaida haina dalili. Mtu analima, anacheka, anaimba kwaya, kumbe mishipa yake inaharibika mwaka hadi mwaka. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala mjini Dar es Salaam na Shari mkoani Kilimanjaro, ulikuta kwamba kati ya watu wazima 10, karibu 3 walikuwa na presha. Katika kila 10 wenye presha, waliojijua hawakufika 2, na aliyekuwa akitumia dawa alikuwa 1 tu. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa hawakufika mtu 1 katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima nao ulikuta presha kwa kama mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Kwa kuwa ugonjwa huja bila kuonekana, watu huutafutia maelezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba Dar es Salaam wengi walidhani kiharusi ni kazi ya majini au uchawi, hivyo wakaanzia kwa waganga wa kienyeji. Imani ya namna hiyo ina hasara mbili. Hupoteza saa za thamani, na huwagombanisha ndugu kwa kutafuta mchawi mahali ambapo kipimo cha presha kingetoa jibu mapema.

Kazi ambayo jumuiya inaiweza

Maoni yetu ni haya: kila jumuiya ndogondogo, au jumuiya mbili tatu zilizo jirani, ziwe na kipimo kimoja cha presha cha kutumia betri na daftari moja. Ulizeni bei yake katika duka la vifaa vya tiba mjini, kisha mlinganishe na gharama ya kukodi gari usiku wa masika.

Kutoka Tegetero au Kolero hadi Hospitali ya Mkoa si safari ya kufanya kila mwezi kwa ajili ya kupimwa tu. Ndiyo maana wengi hupimwa siku waliyougua kitu kingine, hupewa dawa za mwezi mmoja, zikiisha wakadhani wamepona. Presha haiponi kama malaria. Dawa zake humezwa kila siku, mara nyingi maisha yote. Anayehitaji kukumbushwa hivyo kila wiki hawezi kumtegemea daktari aliye mbali. Anamtegemea mke, mume, mtoto na jirani.

Njia hii imejaribiwa mahali pengine. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio katika jamii 30 za vijijini huko Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka. Wahudumu wa afya wa jamii waliwatembelea wenye presha nyumbani, wakawapima na kuwafundisha, na waliozidiwa wakawaelekeza kwa daktari. Baada ya miaka miwili, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 5 zaidi kuliko kwa wenzao wasiotembelewa. Namba 5 ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini ikishuka hivyo kwa watu wengi, viharusi hupungua.

Mambo ya kufanya

1. Chagueni watu wawili wa kutunza kipimo, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, nao wafundishwe na mganga wa zahanati. Wawe watu wa kutunza siri.

2. Pimeni watu wazima wote mara moja, kisha wenye presha kila mwezi, siku ya jumuiya au siku ya gulio. Mpimwaji akae kimya dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Pimeni mara mbili na kuandika.

3. Aliyeonekana na 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti aende zahanati na karatasi yake. Aliyefika 180 kwa 110 asingoje wiki ijayo.

4. Mwenye kushuka mjini awaulize wenzake nani dawa zimekaribia kuisha. Kubalianeni na mganga mfawidhi jinsi ya kuwachukulia dawa wazee wasioweza kutembea.

5. Punguzeni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mmoja, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chumvi isiwekwe mezani. Kwa bahati njema milima yetu ina karoti, njegere, mboga za majani, ndizi na machungwa. Tusiyauze yote sokoni Morogoro, watoto wetu wakabaki na ugali na kitoweo cha chumvi.

6. Sigara iachwe. Pombe ikishindikana kuachwa, ipunguzwe kweli.

Kuna mipaka pia. Jumuiya haitoi dawa. Msigawane vidonge, kwani dawa iliyomfaa shemeji yako yaweza kukudhuru. Mama mjamzito mwenye presha apelekwe kliniki bila kuchelewa.

Na mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukakosa nguvu au maneno yakawa mazito, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mlazeni ubavu, msimpe chakula wala kinywaji wala kidonge chochote, kumbukeni saa ilipoanza, na aondoke mara moja. Hata aspirini asipewe, maana nyumbani hatujui kama mshipa umeziba au umepasuka.

Je, hii si kazi ya Serikali?

Ni kazi ya Serikali, na tuendelee kuidai. Zahanati isiyo na dawa za presha inatupeleka hatua mia nyuma. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa nchi nzima; alipo mhudumu kijijini kwenu, afanye kazi hii pamoja na jumuiya. Lakini mwenye daftari lililojazwa miezi sita anaweza kumwonyesha diwani kwamba watu 14 wana presha na dawa hazipo. Malalamiko yenye hesabu husikika kuliko manung'uniko.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkutano wenu ujao wa jumuiya, kabla ya kufunga, mwenyekiti aulize maswali mawili: nani kati yetu amepimwa presha mwaka huu, na nani ameacha dawa kwa kukosa nauli? Majibu yatawaambia pa kuanzia. Daftari la michango mnalo tayari.